Tuta la Joto

Jumatatu, 2 Juni

Mlima umejifunika tangu wiki iliyopita na hauna dalili ya kuamka. Manyunyu. Ng'ombe amegoma kusimama asubuhi na mimi nimemwelewa.

Violet, mke wa mwanangu Praygod, ana ujauzito mkubwa. Mtoto anategemewa katikati ya Julai, yaani katikati ya baridi yenyewe. Leo mama yake, Mkwe Salvina, amepanda kutoka Himo na tumekaa kikao. Nakiandika hapa kwa sababu kwenye kikao chenyewe sikupata nafasi ya kusema.

Mkwe Salvina aliweka kikombe cha chai chini, akasema, "Binti yangu ana pumu. Nyumba hii mkiwasha moto ina moshi kama tanuri la matofali. Mkizima, ina baridi kama friji la bucha. Haya, niambieni, miezi mitatu ya uzazi atakaa wapi? Kwenye tanuri au kwenye friji?"

Mke wangu Aikaeli akamjibu kwamba mzazi hulelewa kwa mumewe, na mama mkwe ndiye humpikia mtori wa ndizi na kumkanda, ndivyo ilivyo huku kwetu Marangu tangu lini na lini. "Mimi nimelelewa hapahapa na mama yake huyu," akaninyooshea kidole kama kielelezo cha mahakamani, "na sikufa."

"Hukuwa na pumu, mama," Mkwe Salvina akasema. "Himo kuna joto la bure la Mungu. Namchukua."

Violet alikuwa anaangalia miguu yake, au mahali ilipokuwapo kabla tumbo halijaificha. Akasema taratibu, "Mimi napenda kubaki hapa. Lakini kifua kikibana, mama, sitabisha."

Nikasema, "Nitajenga jiko."

Wanawake wote watatu wakaniangalia kana kwamba meza ndiyo iliyosema.

Tumekubaliana hivi: siku mtoto akitoka hospitali, Mkwe Salvina atakuja na gari. Akikuta chumba kina joto na hakina moshi, gari litarudi tupu. Akikohoa, hata mara moja, litarudi na Violet na mjukuu wangu.

Kwa atakayesoma haya: mimi nilikuwa mpishi wa mlimani mpaka goti liliponistaafisha. Nimewasha moto kwenye upepo, kwenye theluji, na mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto sawasawa. Nyumbani kwangu sijawahi kuruhusiwa kugusa sufuria.

Jumatano, 4 Juni

Nimekaa jikoni naangalia mafiga matatu yakila kuni. Aikaeli kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 5 Juni

Kuna tatizo ambalo sikulifikiria nilipokuwa nafungua mdomo. Baba mkwe haingii chumba cha mzazi. Kwa hiyo nitajenga jiko ambalo, likianza kazi, sitaweza kuliona wala kuligusa. Ni kama kupika chakula halafu kikaliwa kijiji cha pili.

Ila tatizo hilohilo ndilo limenipa jibu. Chumba cha Violet na jiko la Aikaeli vinatenganishwa na ukuta mmoja. Nikiweka mdomo wa moto upande wa jikoni, nitautia kuni bila kuingia chumbani. Moshi na joto vitapenya ukuta, vitatembea ndani ya benchi refu la udongo chumbani, benchi litakunywa joto lote, halafu moshi uliochoka utarudi jikoni na kutoka nje kwa bomba. Chumbani hakutakuwa na tundu hata moja. Kitakachoingia ni joto peke yake.

Nimemchorea Aikaeli kwa mkaa sakafuni. Kaangalia, kafagia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeteremka Moshi mjini kuomba maganda ya kahawa kwenye kiwanda cha kukobolea. Yule wa getini kauliza ni ya kulishia nini. Nimemwambia ni ya kulishia tofali. Kanipa magunia haraka, niondoke.

Jambo lenyewe ni hili: maganda ukiyachanganya na udongo halafu ukachoma tofali, yanaungua ndani kwa ndani na kuacha vitundu. Tofali linakuwa jepesi na halinyonyi joto. Chumba cha moto kikijengwa kwa tofali la namna hiyo, moto hauna wa kumpa joto ila moshi wake mwenyewe, basi unaungua mkali, na moshi mwingi unaungua nao. Hili sikufundishwa na mtu. Mlimani niligundua kwamba nikipanga mafiga ya yale mawe yenye matundutundu, chai inawahi, na wapagazi wanaacha kunitukana.

Alhamisi, 12 Juni

Tofali za kwanza zimevunjika kama keki ya kipaimara. Nilizidisha maganda.

Jumamosi, 14 Juni

Za pili zimeshika. Nimelipandia moja kwa miguu miwili mbele ya Aikaeli. Kasema, "Sasa mtu mzima kusimama juu ya tofali ndiyo maendeleo?"

Jumatano, 18 Juni

Baridi inauma masikio. Violet amehamia chumba chetu kulala na Aikaeli, mimi nimehamishiwa kwenye kochi, na benchi limekamilika: refu, limeinuka kidogo kutoka sakafuni, mgongo nimeulainisha kwa udongo, kinyesi cha ng'ombe na nyuzi za mgomba lisipasuke. Nilikuwa naliangalia kwa fahari alipoingia jirani yangu Sirili.

Sirili akavua kofia.

"Elisaria, pole sana. Nani amefariki?"

"Hilo ni jiko, bwana."

"Jiko?" Akalizunguka. "Meku, mzee mwenzangu, mimi nimezika baba, mama na shangazi wawili kwenye kihamba changu, humohumo migombani. Kaburi nalijua. Hapa umesahau msalaba tu."

Violet alikuwa mlangoni. Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Shikamoo baba. Samahani. Jiko ni zuri. Lakini mimi kulala kando ya hicho kitu na mtoto mchanga, hapana."

Wala siwezi kumlaumu. Nimeliangalia upya kwa macho ya Sirili na kweli, nilikuwa nimejenga kaburi zuri kuliko yote Marangu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimebomoa nusu. Benchi sasa limekunja kona kama mkono uliokumbatia, na mgongo wake una bonde la kukalia. Violet kaja, kalipapasa, kasema, "Hapo sawa. Sasa ni tuta, kama tuta la viazi." Basi tuta. Habari za kaburi lakini zimeshafika Himo. Sirili ana mke, na mke ana simu.

Jumamosi, 21 Juni

Njoro, kwa Shedrack fundi bati. Nikamwelekeza bomba ninalotaka.

"Mzee wangu, hili ni la nini? La choo?"

"La chumba cha mzazi."

"Kwani mzazi anatoa moshi?"

Nikamchorea. Akatafuna kijiti, akageuza karatasi, akasema, "Hii kazi ni noma." Sijui kama ni sifa au kashfa. Lakini alikunja kiwiko cha bomba kikakaa barabara, na juu akaweka kofia ya kuzuia mvua bila kuambiwa. Bomba linatoka kwenye ukuta wa jikoni, chini, halafu linapanda kwa nje mpaka juu ya paa.

Jumanne, 24 Juni

Moto wa kwanza. Moshi umetoka kule juu ya paa, mwembamba, mweupe, kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Jikoni hakuna moshi. Chumbani hakuna moshi. Tuta limechelewa kupata joto, likapata, halafu likakataa kupoa. Na kuni? Vijiti. Matawi ya kahawa niliyopogoa mwezi wa tatu yakakauka uvunguni mwa banda. Kukata mti siku hizi ni kuomba kibali mpaka uzeeke, kwa hiyo jiko linaloshiba vijiti ni jambo la kusherehekea. Nimesherehekea peke yangu.

Aikaeli kasimama katikati ya jiko lake lisilo na moshi, anaangalia juu darini, uso umekunjamana. Nikamuuliza kuna nini. Kasema hakuna kitu. Nimeishi naye miaka mingi ya kutosha kujua kwamba hilo si jibu, na michache mno kujua swali ni lipi.

Alhamisi, 26 Juni

Ukungu. Mlima bado umejifunika. Aikaeli kapanda ngazi ya darini, kashuka, kapanda tena. Ndizi zake za kupikia pombe ya mbege ziko huko juu kwenye majani makavu. "Mbichi kama zimekatwa leo," kasema, kwa sauti ya kuisemesha sufuria.

Jumamosi, 28 Juni

Hii ya leo naiandika usiku, wote wamelala.

Leo ilikuwa zamu yetu ya sala ya jumuiya. Walifika alfajiri kama kawaida, wamejifunga mablanketi, Mwinjilisti Filemon mbele. Mimi nilikuwa nimewasha mapema, kwa sababu, naomba nisamehewe, nilitaka waone. Nikawafungulia mlango wa chumba cha Violet ili joto liingie sebuleni, na Violet mwenyewe nikamwambia akae kwenye tuta, afaidi.

Tukaanza wimbo. Beti ya kwanza ikapita vizuri. Kwenye ya pili Mwinjilisti Filemon akaanza kupangusa macho, nikafikiri ameguswa. Kisha shemasi naye akaguswa. Ndipo nikaona moshi mzito, wa manjano, unatoka kwenye nyufa za tuta ambazo hata sikujua zipo, na mwingine unabingirika kutoka jikoni kama umefukuzwa.

Watu wakatoka na vitabu vyao vya nyimbo kichwani. Violet hakutoka. Nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili, kifua kinapiga filimbi, midomo imebadilika rangi. Tulimbeba, mimi na Sirili, ambaye hata si wa kanisa letu, alikuwa amekuja kuchungulia tu. Aikaeli akaipata dawa ya pumu ya kuvuta kwenye pochi ya Violet. Violet akavuta mara ya kwanza, hakuna kitu. Akavuta tena. Tukakaa naye nje kwenye manyunyu, Mwinjilisti akamfunika kwa blanketi lake mwenyewe. Polepole ile filimbi ikashuka. Akafungua macho, akasema, "Mtoto anacheza. Yuko sawa." Shemasi ndipo akakumbuka kusema amina.

Walipoondoka nikazima moto kwa mikono yangu na kwenda kulichunguza bomba. Mahali linapotoka ukutani nilikuta limezibwa. Si ndege, si panya. Lilikuwa bunda la majani makavu ya mgomba, limefungwa vizuri kwa kamba ya mgomba, kwa lile fundo ambalo katika nyumba hii analifunga mtu mmoja tu.

Nikalibeba mpaka jikoni, nikaliweka mezani.

Aikaeli akaligusa fundo. "Nilitaka moshi wa jikoni tu," akasema. "Urudi kidogo, upande darini kama zamani. Ndizi haziivi, Elisaria. Wakwe wanakuja kumwona mtoto, nitawapa nini? Soda? Salvina aende Himo akasimulie kwamba kwa Aikaeli mzazi anapokelewa kwa soda?" Halafu akaanza kulia. "Sikujua ungepita na huko kwa mtoto wa watu. Nilidhani ukizibiwa utarudi jikoni, basi."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Yalikuwa mengi na mazuri. Nikakuta hayana pa kukaa.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani tumekaa benchi moja, hatukusemeshana. Mahubiri yalikuwa ya moto wa jehanamu. Watu wamegeuka kuniangalia.

Jumanne, 1 Julai

Mkwe Salvina kapiga simu. Violet akaiweka sauti ya nje, akiwa ameketi kizingitini.

"Jumamosi nakuja. Hatungoji tena mtoto. Wamekujengea kaburi, halafu wakajaribu kukutia humo."

"Mama, jiko halikuniumiza. Ni majani ya mgomba yaliyoziba bomba."

"Kwani majani ni ya nyumba gani? Si hiyohiyo?"

Violet akaangalia juu, akanikuta mimi, halafu akamtafuta Aikaeli kwa macho mpaka akampata. "Mama, tulikubaliana ni siku ya mtoto kutoka. Naomba iwe siku hiyo. Nikibanwa tena kabla ya hapo, nitapanda bodaboda mimi mwenyewe nije."

Kuku akapita. "Haya," Mkwe Salvina akasema. "Na gari nitaleta kubwa."

Nilikuwa namwona Violet kama binti mpole anayesukumwa huku na huku. Nimekosea. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba, sisi wazee tunavutana kwenye ncha.

Alhamisi, 3 Julai

Mvua ya ukungu, ile isiyonyesha ila inakulowesha. Nilikuwa naziba nyufa za tuta, udongo laini juu ya udongo mgumu, nikasikia mtu nyuma yangu. Aikaeli, na kikombe cha chai. Ni chai ya kwanza tangu Jumamosi.

"Huo moshi wako," kasema, "kwani ukitoka ukutani una haraka ya kwenda wapi?"

"Nje."

"Nje kuna nani anausubiri? Si upite kwangu kwanza?"

Nikabaki na udongo mkononi. Bomba nimelitoa nje ya nyumba kama mtu anayetimua mwizi, kumbe bado lilikuwa limebeba joto la kutosha. Likipandia humohumo jikoni mwa Aikaeli, likatoboa dari, likapita katikati ya ndizi kabla ya kutoka paani, dari lote linapata joto, na moshi haumgusi mtu. Na bomba lililo ndani ni la moto, linavuta vizuri zaidi kuliko lililopigwa na baridi ya nje. Nilipaswa kulifikiria hilo mimi. Mlimani tulikuwa tunaanika soksi kwenye bomba.

"Mama Praygod," nikamwambia, "wewe umeficha akili hii wapi miaka yote?"

"Jikoni. Hujawahi kuja."

Jumatatu, 7 Julai

Shedrack kaja mwenyewe kutoka Njoro kulihamisha bomba. Alipoona ndizi zimepangwa kulizunguka, akapiga picha. "Mzee wangu, hili sasa si jiko, hii ni hoteli ya ndizi." Aikaeli kampa machalari, ndizi na nyama, mpaka akalegea.

Nimewasha. Nikapita na kijinga cha moshi kando ya kila ufa wa tuta kuona kama kuna hewa inayovuta. Hakuna. Nikapita tena. Halafu Aikaeli akakichukua akapita yeye, kwa sababu kazi yangu haiaminiki.

Jumanne, 8 Julai

Violet kalala chumbani kwake, Aikaeli kando yake na ile dawa ya kuvuta mkononi. Mimi upande wa jikoni, naongeza vijiti na kusikiliza kifua cha mtu kupitia ukutani. Kuna kazi rahisi kuliko hiyo. Kulipokucha nikasikia sauti: "Baba! Punguza, jamani, nimetupa mablanketi yote!"

Nimepunguza. Nimetoka nje, nimemwambia ng'ombe.

Ijumaa, 11 Julai

Ndizi zimeiva. Zote, kwa pamoja, za manjano kama zimeambizana. Aikaeli kashusha mkungu, kauweka mbele yangu, kaondoka bila kusema kitu. Sijawahi kupewa hotuba nzuri kama hiyo.

Jumapili, 13 Julai

Ndizi zimechemshwa. Kwenye mdomo uleule wa jiko, sufuria kubwa juu, tuta linapata joto chini. Praygod kapiga simu kutoka kambini mlimani, anaongoza wageni mpaka wiki ijayo. Kauliza kama tuko salama. Nimemwambia tuko salama na tunanuka mbege.

Jumatano, 16 Julai

Msichana! Hospitali, mchana kweupe, wote wawili wazima. Mtoto wa kike wa kwanza, basi jina ni la bibi wa kwa baba: Aikaeli. Aikaeli mkubwa kajifanya hakulitegemea.

Jumamosi, 19 Julai

Siku yenyewe.

Baridi ya leo sijaiona miaka mingi. Ukungu umekaa kwenye migomba mpaka huoni banda. Nimewasha kabla ya jogoo, kuni kavu tupu, kila kijiti nimekipasua na kukisikiliza mlio wake. Violet na mtoto walifika asubuhi, wakaingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na tangu hapo mimi ni mtu wa jikoni.

Gari la Himo likaja. Noah ya kaka yake Mkwe Salvina. Ikageuza, ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, buti wazi, tayari kwa kupakia. Hilo nililihesabu kama tusi.

Mkwe Salvina akashuka kavaa makoti mawili. "Habari za hapa, mkwe."

"Nzuri, mkwe. Karibu."

Akakanyaga sebuleni, akasimama katikati, akavuta pumzi, akakohoa. Kikohozi kizuri, kirefu, kimefanyiwa mazoezi.

Aikaeli akamwambia kwa upole, "Mama Violet, jiko liko upande wa pili. Humu hakujawashwa hata kiberiti."

"Nilikuwa nasafisha koo."

"Basi hicho hakijahesabiwa."

Wakaingia kwa mzazi. Mimi nikakimbilia jikoni, kwa mwendo wa goti langu, nikaweka sikio ukutani. Yafuatayo nimeyasikia, sikuyaona.

"Mtoto huyu hapa. Mae! Kachukua paji la uso la kwetu." Kimya cha kumbusu mtoto. Kisha: "Na hili ndilo lile kaburi?"

"Ni tuta, mama," Violet akasema. "Kaa."

"Sikai juu ya kitu nisichokijua."

Nikasikia ananusa. Alianza kona moja akamaliza ya nne, kama mbwa wa mpakani. Akainama, nikajua kwa mlio wa magoti, akanusa chini. "Moshi uko wapi?"

"Uko darini," Aikaeli akasema. "Unaivisha ndizi."

"Acha uongo."

"Onja basi." Kata ya mbege ikabadilisha mikono, naijua sauti yake. Ikanywewa.

"Kitu hiki kina joto," Mkwe Salvina akasema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka kidogo, kama ya mtu aliyeweka kiganja mahali.

"Ndiyo kazi yake."

"Hakiunguzi?"

"Kaa uone, mama."

Akakaa. Nilisikia pumzi moja ndefu, ya mtu aliyevua viatu baada ya safari. Koti la kwanza likavuliwa. Baadaye kidogo, la pili. Nikaongeza kijiti kimoja, chembamba, cha kahawa, kwa adabu zote.

Wakaongea habari za mtoto, za maziwa, za nani kamfanana nani. Sauti ya Mkwe Salvina ikawa inachelewa kati ya neno na neno. Kisha haikuja.

Halafu nikasikia kitu kinachokwaruza, kinapanda, kinashuka. Filimbi ya kifua. Nikafikiri ni Violet, nikafikiri ni mtoto, nikaenda mpaka mlangoni pasiponihusu na kusimama hapo na desturi zangu zote. Mlango ukafunguka, Aikaeli akatoka kajaza khanga mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Ni nani?" nikamuuliza. "Ni Violet?"

Akatoa khanga. "Salvina. Anakoroma."

Tukarudi jikoni tukashikilia ukuta kwa kucheka. Nje, yule kaka akapiga honi. Nikamwendea.

"Vipi, wako tayari?"

"Bado. Mkwe anakagua."

Akangoja. Akapiga tena.

"Bado anakagua?"

"Anakagua kwa kina."

Ukungu ulipozidi alisema hawezi kusubiri, barabara itateleza. Akafunga buti. Noah ikateremka tupu, na mimi nikasimama kuiangalia mpaka taa zake nyekundu zikamezwa. Nimewahi kusindikiza watu mpaka kileleni wakalia kwa furaha. Sasa nawaelewa.

Mkwe Salvina alitoka giza limeingia, khanga imempa michoro shavuni. "Nilifumba macho kidogo," akasema, "nikimshukuru Mungu."

"Amina," tukamjibu wote.

Aikaeli anasema ilikuwa mbege. Mimi nasema ilikuwa joto. Tumekubaliana kwamba vyote vimetoka kwenye jiko moja.

Jumapili, 20 Julai

Kateremka Himo asubuhi. Habari ya kikohozi haikutajwa na mtu. Mlangoni kaniambia, "Mkwe, kuni zako ni ndogo sana. Nilidhani unapika uji wa mtoto." Nimeichukua hiyo kama cheti.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Tumeanza kuchuma kahawa. Sirili kaja na kamba, kapima tuta kwa nje ya ukuta, kwa kukadiria. Nimemuuliza ni nani amefariki. Kaniambia nisiwe na kinyongo, mke wake anataka la kukunja kona, na bomba lipite kwenye ndizi.

Jumapili, 17 Agosti

Mtoto ana mashavu. Violet hajavuta dawa yake tangu arudi kutoka hospitali. Mwinjilisti Filemon kauliza kama jumuiya inaweza kurudi kusali kwetu. Nimemwambia aje bila blanketi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mkwe Salvina kafika bila taarifa, kavaa nguo za kanisani, na mkononi kashika jani la sale, limefungwa fundo.

Nilisimama. Aikaeli akaacha kuchambua kahawa. Sale haliletwi kwa mchezo. Linaletwa na mwenye kuomba jambo zito, na aliyeletewa hakatai, hata kama anayeleta amemchomea nyumba. Nikaanza kuwaza: amefanya nini? Au anataka nini?

Akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mkwe Elisaria. Nilisema mmejenga kaburi mumzike binti yangu akiwa hai. Nilisema kwa watu, na sokoni pia. Nalifuta neno hilo."

"Limefutika, mkwe."

"Halijaisha." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Himo joto lake ni la juujuu tu. Mgongo wangu tangu siku ile umekataa kitanda. Naomba nikae hapa na binti yangu mpaka uzazi uishe."

Chumbani nikasikia Violet amebanwa na kicheko. Aikaeli aliniangalia mimi, mimi nikaliangalia sale, sale halikumwangalia mtu. Miezi mitatu yote tulipigana binti asiteremke kwa mama yake. Hatukuwahi kufikiria mama anaweza kupanda.

"Sale halikataliwi," Aikaeli akasema mwishowe, kama mtu aliyenyeshewa akiwa ameshika mwavuli. Halafu akamtazama vizuri, akasogeza ungo. "Haya, Mama Violet. Vua koti. Chambua kahawa."

Jumatatu, 25 Agosti

Mlima umetoka leo, wote, mpaka kofia nyeupe, kana kwamba haukuwa umejificha kipupwe kizima. Nimeuangalia kidogo tu. Mzazi kahamishiwa chumba chetu kwa siku mbili ili niweze kuingia, na nina udongo unakauka: narefusha tuta, kwa kipimo cha mkwe mmoja.